Kufuatilia Vimeng'enya vya Sukari Katika Mbaazi, Choroko na Karanga: Mwongozo kwa Maabara Ndogo

Mama mmoja anayeuza mbaazi za nazi karibu na stendi ya Masasi aliulizwa na mwanafunzi wangu kwa nini mbaazi zake hazisumbui tumbo, akajibu kwamba maji ya kwanza hayapikiwi, yanamwagwa, "maana gesi yenyewe imo humo." Hakukosea. Ndani ya maji yale mna sukari za jamii ya rafinosi, ambazo mbaazi huzijenga mbegu inapokaribia kukauka, na ambazo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kikemikali) cha kuzivunja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufuatilia vimeng'enya vinavyojenga na kuvunja sukari hizo na nyinginezo katika mimea ya jamii ya mikunde, kwa kutumia vifaa ambavyo maabara ya kawaida ya sekondari katika mikoa yetu ya kusini huwa navyo, pamoja na vingine vya jikoni.

Kabla ya kushika kinu, yafaa kuzoea majina. Jina linaloishia na -osi, kama sukrosi, glukosi au rafinosi, ni la sukari. Linaloishia na -asi, kama amilasi au invertasi, ni la kimeng'enya. Jambo la pili ni la kukumbuka katika kila hatua: sukari ya mmea haikai mahali pamoja kama unga ndani ya debe. Muda wote kuna kimeng'enya kinachoiunga na kingine kinachoitengua, na unachokipima wewe ni kazi iliyokwisha kufanyika hadi dakika ile uliyovisimamisha. Kwa hiyo ustadi mkubwa wa kazi hii, kwa maoni yangu, ni kujua wakati wa kuvisimamisha na kuwa na maji ya moto au spiriti tayari wakati huo, kwani katika joto la Mtwara la mwezi Desemba vimeng'enya havimsubiri mtu.

Anza na jani

Michoro mingi ya darasani huonyesha glukosi ikitoka moja kwa moja kwenye usanisinuru. Hali halisi ni ndefu kidogo. Kinachotoka kwenye kloroplasti, vile vijumba vya kijani ndani ya seli, mchana ni fosfati za sukari zenye kaboni tatu. Zikifika kwenye saitoplazimu huunganishwa mbili mbili na kuwa fruktosi yenye fosfati mbili, kisha kimeng'enya kiitwacho fruktosi bisfosfatasi huondoa fosfati moja. Sehemu ya sukari hiyo hugeuzwa kuwa glukosi iliyobebwa na nyukleotidi, yaani UDP-glukosi. Hapo ndipo kinapoingia kimeng'enya kikuu cha njia nzima, sukrosi fosfati sinthasi, ambacho huunga UDP-glukosi na fruktosi fosfati. Kingine, sukrosi fosfati fosfatasi, hukata fosfati iliyobaki na kuacha sukrosi tupu, sukari ileile tunayotia kwenye chai. Hatua hiyo ya mwisho hairudi nyuma, na kwa sababu hiyo njia nzima huvutwa mbele hata pale sukrosi inapokuwa tayari nyingi ndani ya jani.

Aliyetufungulia mlango huu ni Luis Leloir wa Argentina. Yeye na wenzake walieleza usanisi wa sukrosi mwaka 1955 kwa kutumia viini vya ngano, na mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ugunduzi wa sukari zinazobebwa na nyukleotidi. Ngano si mikunde, lakini vimeng'enya hivi ni vilevile katika jani la mbaazi lililo nyuma ya nyumba yako.

Sukrosi fosfati sinthasi haiwezi kupimwa kwa vifaa vyetu, ila matokeo ya kazi yake yanaweza kuonekana kwa kulinganisha jani la alfajiri na jani la jioni. Mchana mmea huweka akiba ya wanga ndani ya kloroplasti, na usiku beta-amilasi hukata wanga huo kuwa maltosi, ambayo hutoka na kugeuzwa sukrosi ya kusafirishwa hadi kwenye mizizi na maganda. Chuma majani matatu ya mbaazi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda, na mengine matatu ya tawi hilohilo saa kumi jioni. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka palepale shambani ikiwezekana, au uende na chupa ya chai yenye maji ya moto sana, kwa sababu jani lililochumwa na kuwekwa mfukoni linaendelea kula akiba yake. Baada ya dakika moja yahamishie kwenye spiriti iliyo ndani ya bika, na bika hilo ulitie kwenye sufuria ya maji ya moto ambayo umekwisha kuiepua motoni. Spiriti haichemshwi juu ya jiko la mkaa wala la gesi. Majani yakishapauka, yasuuze kwa maji na uyadondoshee iodini. Jani la jioni hugeuka bluu iliyokoza hadi kukaribia weusi, na la alfajiri hubaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe au kuwa na mabaka machache.

Mbegu kavu, iliyolowekwa na iliyochipua

Hapa ndipo penye utamu wa somo. Mbegu inapokomaa, vimeng'enya vitatu hufanya kazi kwa zamu. Galaktinoli sinthasi huchukua galaktosi kutoka UDP-galaktosi na kuibandika kwenye inositoli, na matokeo yake huitwa galaktinoli. Rafinosi sinthasi huitoa galaktosi hiyo na kuipachika kwenye sukrosi, ikawa rafinosi. Stakiosi sinthasi huongeza galaktosi ya pili, ikawa stakiosi. Ikipachikwa ya tatu huwa vebaskosi, ambayo choroko zinayo kwa wingi. Yaani ni mnyororo uleule unaorefuka pete kwa pete juu ya sukrosi. Sukari hizi huhusishwa na uwezo wa mbegu kustahimili ukavu, na mbegu inapoota huwa chakula chake cha mwanzo, kwa sababu alfa-galaktosidasi huamka na kuzikata galaktosi moja baada ya nyingine.

Myeyusho wa Benedict, dawa ya bluu ya kupimia sukari ambayo ikichemshwa nayo hugeuka kijani, njano, chungwa hadi nyekundu kadiri sukari inavyozidi, unafaa sana kwa hadithi hii kutokana na udhaifu wake. Unaiona glukosi, fruktosi, galaktosi na maltosi, lakini hauioni sukrosi wala rafinosi wala ndugu zake. Ukichemsha sukari hizo na asidi kwanza, mnyororo hukatika na Benedict huanza kuona. Kwa hiyo kila sampuli hupimwa mara mbili, kabla ya asidi na baada ya asidi, na tofauti kati ya neli hizo mbili ndiyo habari unayoitafuta.

Chukua mafungu matatu ya mbegu 20 za mbaazi. Hesabu mbegu, usipime uzito, maana mbegu iliyochipua imebeba maji mengi na mizani itakudanganya. Fungu la kwanza libaki kavu. La pili liloweke kwa saa 12, kisha umwage maji. La tatu liloweke vivyo hivyo, kisha lifunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku tatu, ukilisuuza asubuhi na jioni. Wenzetu wa Newala, ambako maji huhesabiwa kwa ndoo, wanaweza kusuuza kwa kikombe kimoja tu. Usitumie mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi. Hizo zina sumu, na huwezi kujua dawa imefanya nini kwenye kipimo.

Sasa linakuja kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilipoendesha zoezi hili. Nilitwanga mbaazi zilizolowekwa kwa maji ya bomba, nikakiacha kinu mezani, nikaenda kunywa chai ya saa nne. Niliporudi baada ya dakika 40 hivi na kupima, neli iligeuka rangi ya chungwa iliyoiva, nami nikawaambia wanafunzi kwa kujiamini kwamba mbaazi ina glukosi nyingi tangu ikiwa kavu. Kumbe kinu chenyewe kilikuwa kimegeuka kiwanda: seli zilipopasuka, amilasi ilikutana na wanga, galaktosidasi na invertasi zikakutana na sukari, na joto la chumba likafanya lililobaki. Tangu siku hiyo sitwangi mbegu mbichi kwa maji.

Njia salama ni hii. Mbegu kavu unaweza kuzitwanga zikiwa kavu bila wasiwasi, kwa sababu pasipo maji kimeng'enya hakitembei, kisha unga wote uutie kwenye mililita 30 za spiriti ya moto, iliyopashwa ndani ya maji ya moto kama ile ya majani. Mbegu zilizolowekwa na zilizochipua zitumbukize nzimanzima kwenye spiriti ya moto kwa dakika kumi, na baada ya hapo ndipo uzitwange humohumo. Spiriti ina faida mbili: inaua vimeng'enya, na inaacha wanga chini huku ikichukua sukari. Faida ya pili si ndogo, kwani wanga ukibaki kwenye sampuli asidi itaukata nao, na hesabu yako itaharibika bila wewe kujua. Chuja kwa kitambaa na kisha kwa karatasi ya chujio, mimina kwenye bakuli pana, uliweke juu ya maji ya moto nje, kwenye kivuli na mbali na moto wowote, hadi spiriti iishe. Masalia yayeyushe kwa mililita 10 za maji.

Kwa kila sampuli weka mililita 2 katika neli mbili. Ya kwanza itie Benedict mililita 2 na uiweke kwenye maji yanayochemka kwa dakika tano. Ya pili iongezee mililita 1 ya asidi hidrokloriki hafifu, uichemshe dakika tano, uipoze, kisha uiongezee sodiamu bikaboneti kidogo kidogo hadi mapovu yakome. Ukisahau kuondoa asidi, Benedict haitafanya kazi na utadhani hakuna sukari. Hapo ndipo utie Benedict na kuchemsha kama ile ya kwanza.

Mbegu kavu kwa kawaida hutoa bluu, au kijani kidogo, kabla ya asidi, na chungwa au nyekundu ya matofali baada ya asidi. Pengo hilo kubwa ndilo alama ya sukrosi na jamii ya rafinosi. Fungu lililolowekwa hutoa rangi hafifu zaidi baada ya asidi, kwa sababu sehemu ya sukari imeondoka na maji. Mbegu zilizochipua hutoa njano au chungwa hata bila asidi. Tahadhari hapa ni kutosema kwamba sukari zote zisizoonekana kwa Benedict zimekwisha: mbegu inayoota hutengeneza sukrosi mpya kutokana na akiba yake na kuipeleka kwenye mzizi unaochipua, hivyo neli ya asidi bado itapanda. Kilichopungua zaidi ni mnyororo wa galaktosi, na kipimo hiki peke yake hakiwezi kuutenganisha na sukrosi.

Kwa upande wa jikoni, matokeo haya yana maana ya moja kwa moja. Kuchemsha hakuvunji rafinosi, bali huua kimeng'enya ambacho kingeivunja. Ndiyo maana kuloweka hutangulia moto, na mbaazi zilizotiwa chungu zikiwa kavu huhifadhi karibu kila kitu ndani ya mchuzi. Loweka jioni, mwaga asubuhi, na msimu wa joto badilisha maji mara moja katikati, la sivyo yatachacha. Ukizichipusha kwa siku mbili kabla ya kupika, gesi hupungua zaidi. Wanaokula mbaazi mbichi zilizotoka kwenye ganda la kijani hawahitaji taabu yote hii, kwa kuwa minyororo ile hujengwa kwa wingi mbegu inapoelekea kukauka.

Kuona invertasi ikifanya kazi

Hadi hapa tumekuwa tukiona alama za miguu. Choroko hutuwezesha kumwona mwenyewe. Chukua miche 20 ya choroko ya siku tatu, ondoa maganda na zile nusu mbili za mbegu, na ubaki na shina jeupe na mzizi. Vitwange kwa mililita 20 za maji baridi ya friji na uchuje haraka. Safari hii hatutaki kuua kimeng'enya, ila kukichelewesha, na baridi inatosha. Gawa chujio, yaani maji yaliyochujwa, mara mbili. Nusu moja ichemshe dakika tano.

Andaa neli tatu. Ya kwanza iwe na mililita 1 ya chujio hai na mililita 4 za myeyusho wa sukari nyeupe, gramu 5 kwa mililita 100 za maji. Ya pili iwe na chujio kilichochemshwa pamoja na sukari hiyohiyo. Ya tatu iwe na chujio hai na maji matupu. Kila moja itie matone mawili ya siki nyeupe, kwani invertasi inayotafutwa hupenda uchachu kidogo. Ziweke kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika 30, kisha zichemshe zote kwa wakati mmoja ili kazi ikome, na upime kwa Benedict. Neli ya kwanza ikiizidi ya pili na ya tatu kwa uwekundu, umeona invertasi ikiikata sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Neli ya tatu ipo kwa sababu mche una glukosi yake. Ya pili ipo kwa sababu sukari ya dukani nayo huweza kuwa na uchafu wa glukosi, hasa ikiwa ya kahawia. Mwalimu anayeruka neli hizo mbili ili kuokoa Benedict hajafanya jaribio.

Invertasi ina mwenzake aitwaye sukrosi sinthasi, na jina lake hudanganya. Kwa kuwa kazi yake yaweza kwenda mbele na nyuma, ndani ya mmea mara nyingi hutumika kutengua sukrosi kuliko kuijenga, na hutoa fruktosi pamoja na UDP-glukosi iliyo tayari kutumika kujenga wanga au kuta za seli. Ganda la mbaazi linapojaa, hiki ni mojawapo ya vimeng'enya vinavyopokea sukrosi iliyotoka majani. Kisa maarufu cha njia hiyo ni njegere zilizokunjamana za Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi: mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba zina kasoro katika jeni la kimeng'enya cha kutia matawi kwenye wanga, hivyo sukrosi hurundikana, mbegu hunyonya maji mengi, na ikikauka hujikunja. Usiwaambie wanafunzi kwamba mbaazi iliyojikunja ya kijijini ina kasoro hiyo. Ya kwetu mara nyingi imekosa mvua au imevunwa mapema.

Karanga hufuata njia nyingine

Mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa 1951, uliifanya Nachingwea kuwa mojawapo ya maeneo yake kwa sababu moja: mafuta. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na wanga wake ni kidogo. Basi karanga ikiota, sukari ya kuulisha mche hutoka wapi? Hutoka kwenye mafuta hayohayo. Vimeng'enya viwili ambavyo binadamu hana, isositrati liasi na malati sinthasi, huokoa kaboni ambazo kwetu sisi zingepotea kama hewa ukaa, na njia hiyo huishia kwenye sukrosi.

Chagua karanga mbichi zisizokaangwa, safi, zisizo na dalili yoyote ya ukungu kwa sababu ya hatari ya sumukuvu. Zichipushe siku tano. Ponda nusu ya mbegu kavu na nusu ya iliyochipua, kila moja juu ya karatasi yake, uache zikauke, kisha tazama doa la mafuta kwenye mwanga. La mbegu iliyochipua kwa kawaida huwa dogo. Pima sukari kwa njia ya spiriti iliyoelezwa juu. Ongeza na chache zilizokaangwa, uzifunike kwa kitambaa kilekile chenye unyevu: hazioti kamwe, kwa kuwa kikaango kimekwisha kufanya kazi ya maji yako ya moto.

Vinundu vya mizizi

Mwezi Februari au Machi, kunde zinapoanza kutoa maua, chimba mche mmoja taratibu pamoja na udongo wake na uusuuze ndani ya ndoo. Vinundu vya mizizi, yaani vivimbe vidogo vyenye bakteria wanaofunga nitrojeni ya hewa kwa ajili ya mmea, hulishwa kwa sukrosi ya majani, na sukrosi sinthasi ndiyo inayoipokea. Katika soya, protini hii ni mojawapo ya zilizo nyingi zaidi ndani ya kinundu, na njegere zilizokosa kimeng'enya hiki kwenye vinundu zilishindwa kufunga nitrojeni ya kutosha ingawa zilikuwa na bakteria. Katika soya imeonekana pia kwamba ukame hukishusha kimeng'enya hiki mapema, jambo linalostahili kufikiriwa na mkulima wa Lindi anayetegemea msimu mmoja wa mvua.

Kimeng'enya chenyewe hutakiona, lakini kinundu kinachopata sukari ya kutosha huwa na waridi au wekundu ndani, na kilichochoka huwa kijani au kahawia. Pasua vinundu kumi kwa wembe, kila kimoja ukiandika rangi yake kabla ya kupasua kinachofuata, kwa sababu waridi huo hubadilika kuwa kahawia ukikaa hewani, na orodha iliyoandikwa baada ya kupasua vyote kumi itakuwa ya vinundu vilivyokufa mezani.